Kabla ya kuomba kazi Zanzibar: karatasi za kuonesha kwamba unaruhusiwa kuajiriwa

Tangazo la kazi likitoka, mara nyingi muda wa kupeleka maombi ni wiki mbili hivi. Wiki mbili zinatosha kuandika barua na kupanga wasifu. Hazitoshi kusahihisha jina lililokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, wala kumpatia kibali ndugu aliyerudi na pasipoti ya nje. Kwa hivyo mambo haya yashughulikie sasa, wakati hakuna tangazo linalokukimbiza.

La kwanza ni kujua sheria inakuweka upande gani, kwa sababu hapa watu wengi huchanganya. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Kazi na ajira ndani ya Zanzibar si ya Muungano: tuna Sheria yetu ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na tuna Kamisheni ya Kazi yetu. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kujikuta anatakiwa karatasi kutoka milango miwili tofauti, na mlango mmoja haumsemei mwenzake.

Kama wewe ni Mzanzibari, karatasi yako ya mwanzo ni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii katika afisi zake za wilaya. Ukiwa Micheweni au Mkoani, kule Pemba, huna haja ya kuvuka bahari kwa ajili yake. Lakini anza kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yako. Barua ya sheha ndiyo inayosema kwamba unakaa pale unaposema unakaa, na sheha hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Vijana waliohamia Mjini kwa masomo wakapanga chumba Amani au Mwanakwerekwe miaka mitatu bila ya kupita kwa sheha hata kumwamkia, hapa ndipo wanapokwama. Anakuuliza: "Mwanangu, wewe ni wa nani hapa?" na jibu huna. Nenda ukajitambulishe mapema, shikamoo zako mkononi, uandikwe kwenye daftari lake.

Pamoja na hicho, uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Wapo wanaoona kwamba kitambulisho cha Mzanzibari kinatosha, na kwa mambo mengi ya hapa kweli kinatosha. Lakini siku ukitaka nafasi katika taasisi ya Muungano, mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma utakudai namba ya NIDA kabla hujafika popote. Nafasi za Serikali ya Mapinduzi zina mfumo wake, Zanajira. Mwenye vitambulisho vyote viwili hana haja ya kuchagua.

Mtanzania anayetoka Bara hahitaji kibali cha kazi kuajiriwa Nungwi au Paje. Ni raia katika nchi yake. Anachohitaji ni kujiandikisha kama mkaazi, nacho kipo kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari. Njia ni ile ile, kwa sheha kisha afisi ya wilaya.

Sasa wale wenye pasipoti za nje. Hili ni zito kwetu kuliko watu wanavyopenda kukiri, kwa sababu karibu kila nyumba ina mtu Muscat, London au Toronto. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa kwengine kwa hiari yake, hata kama amezaliwa Mkunazini na lafudhi yake ni ya Mkunazini, mbele ya sheria ya ajira anahesabiwa mgeni. Akirudi akaanza kazi hotelini kwa viza ya matembezi, amevunja sheria, na mwajiri wake pia. Utaratibu wake kwa kawaida ni kama wa mgeni. Mwajiri ndiye anayemwombea kibali cha kazi Kamisheni ya Kazi, akieleza kwa nini nafasi ile haikujazwa na mwenyeji, halafu kinafuata kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja B kwa walioajiriwa. Wakenya na Waganda nao wasijipe moyo kwa kuwa ni wa Afrika Mashariki, kibali wanahitaji. Na aliyekuwa na kibali cha kazi Dar es Salaam asikilete huku. Kile kilitolewa chini ya sheria ya 2015 ya kuajiri wageni, na sheria ile ni ya Tanzania Bara tu.

Mwajiri akimwambia mgeni "anza tu, kibali tutakitafuta baadaye", jibu ni hapana. Akipita mkaguzi, meneja atakuwa na mwanasheria wa kampuni. Wewe utakuwa na begi lako.

Tukirudi kwa wenyeji, tatizo kubwa silo kukosa karatasi. Ni karatasi kuzungumzia watu tofauti. Chukua kesi ya kawaida kabisa: cheti cha kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono na karani wa zamani, kinasema Hamisi Juma Ally. Kitambulisho kinasema Khamis Juma Ali. Cheti cha kidato cha nne kinasema Khamis Juma, babu ameachwa skuli. Mtaani huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeuliza. Mezani kwa afisa utumishi hao ni watu watatu, na yeye hana kazi ya kukisia yupi kati yao ndiye wewe. Mohammed, Mohamed na Muhammad ni hadithi hiyo hiyo. Kina dada wengi hapa hubaki na jina la baba baada ya ndoa, na hilo huwaokoa. Lakini aliyetia jina la mume kwenye pasipoti tu, na kwengine kote akabaki na la baba, ajiandae kueleza.

Fanya hivi jioni moja. Tandaza vyeti vyote juu ya mkeka, usome herufi kwa herufi, na usisome kwa mazoea, maana jina lako mwenyewe jicho hulipita. Halafu angalia tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa. Wapo wanaogundua siku hiyo kwamba wana tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya kweli na moja ya kuandikishia skuli. Si jambo dogo, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa umri wa miaka 45, na pensheni nayo huhesabiwa kwa tarehe hiyo hiyo.

Tofauti ikiwa ya herufi, hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani mara nyingi husaidia: unaapa kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Ijulikane tu kwamba kiapo kinaeleza tofauti, hakiifuti. Tofauti ikiwa ya jina zima au tarehe, sahihisha karatasi yenyewe. Ushauri wangu ni kuangalia vyeti vya mitihani vinasemaje kabla ya kugusa kitambulisho, kwa sababu cheti cha Baraza la Mitihani ndicho kigumu zaidi kubadilisha. Ukisahihisha kitambulisho kwenda upande mwengine umejiongezea kazi.

Kuhusu vyeti vya masomo, hati ya matokeo si cheti. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na bado watu huziambatanisha. Kama cheti chako kimelala skuli kwa sababu ya deni la madawati au kitabu cha maktaba, nenda kakilipie. Shahada ya nje ya nchi ipitishwe TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na asiyekuwa na cheti asinunue: uhakiki wa watumishi wa umma uliotangazwa Aprili 2017 uliwaondoa kazini watu 9,932 kwa vyeti vya kughushi, wengine wakiwa na miaka mingi kazini.

Hati ya tabia njema ya polisi huombwa na baadhi ya waajiri, na unachukuliwa alama za vidole. Usiitafute mapema mno kwa sababu wanataka ya karibuni. Wa jikoni atatakiwa kupima afya. Muongozaji watalii anahitaji leseni kutoka Kamisheni ya Utalii, na kitambulisho cha Mzanzibari hakichukui nafasi yake.

Kopi zigongwe muhuri na wakili, seti mbili au tatu, na picha za simu ziwe wazi, bila ya kidole kwenye kona. Usimtumie WhatsApp mtu anayejiita wakala picha ya kitambulisho pamoja na "pesa ya kufungulia faili". Siku ya usaili nenda na vyeti vyenyewe wavione, wavilinganishe, kisha urudi navyo nyumbani. Mwajiri hana sababu ya kulala na cheti chako cha kuzaliwa kwenye kabati lake.

Ukishapata kazi, jina litakaloingia ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, liwe lile lile la kitambulisho. Liangalie kwenye fomu kabla ya kutia saini, uombe namba yako ya uanachama mshahara wa kwanza ukitoka, na kopi ya mkataba uliosainiwa na pande zote mbili ibaki kwako.