Somo: Kuchapa picha kwa lino bila mashine

Wengi mmeniuliza ile picha ya wachuuzi wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, niliichapaje nami sina mashine. Niliichapa kwa mwiko. Mwiko wa mbao wa jikoni, ila huu wangu haurudi tena kwenye sufuria.

Vifaa: kipande cha lino, patasi mbili (moja ya mdomo wa V, nyingine wa U), rola ya mpira, kioo cha dirisha kilichosuguliwa kingo, wino wa mafuta, na karatasi nyembamba isiyong'aa. Lino halisi ni mafuta ya mbegu za kitani na unga wa koki juu ya kitambaa cha juti. Ilibuniwa Uingereza karne ya 19 iwe ya kutandika sakafuni. Msije mkauziwa zulia la plastiki kwa jina hilohilo. Lile huvutika chini ya patasi.

1. Mchoro. Mimi sianzi na mistari, naanza na weusi. Napiga brashi nene karatasini, kisha natazama kipi kiachwe cheupe. Hapa ndipo muda wangu mwingi unaishia. Somo hili nililipata kwenye milango ya Zanzibar, jioni jua likiwa limelala: ua linasomeka kwa sababu ya kivuli kilichochimbwa ubavuni mwake. Jingine nililipata kwa John Muafangejo, msanii wa picha za lino wa Namibia, aliyesoma shule ya sanaa ya Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1960. Yeye alichonga maneno ndani ya picha, katikati ya watu na wanyama. Nilipoona hivyo nikakumbuka kanga: mji, pindo, na jina lake. Kumbe tulikuwa nayo nyumbani siku zote.

2. Kugeuza. Kitakachochapwa kitatoka kinyume. Hamishia mchoro kwenye lino kwa karatasi ya kaboni, upande wa kushoto uwe kulia, kisha uutazame kwenye kioo cha kujitazamia. Mara ya kwanza nilipuuza. Nilichonga MGENI NJOO siku tatu nzima, nikachapa, nikampelekea mama mmoja aliyeniagizia. Akaigeuza huku na huku, akaniuliza, “Mwanangu, hiki Kiswahili cha wapi?”

3. Kuchonga. Anika lino juani dakika chache, italainika. Anza na V kuzunguka maumbo, halafu U kuondoa maeneo mapana. Unachoondoa ndicho kitakachokuwa cheupe, na kilichoondoka hakirudi. Mkono unaoshika lino ukae nyuma ya patasi daima. Kovu la kidole changu cha shahada ni ushahidi. Zungusha lino, usizungushe kifundo cha mkono. Usifike kwenye juti.

4. Wino. Weka kidogo kuliko unavyodhani. Tandaza kwa rola juu ya kioo mpaka usikie sauti ya kunatanata, kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Paka lino tabaka jembamba, mara tatu nne.

5. Kuchapa. Laza karatasi mara moja, usiisogeze. Sugua kwa mgongo wa mwiko, kwa miduara midogo, kutoka katikati kwenda pembeni. Inua pembe moja uchungulie, palipofifia rudishia. Kisha tundika kwa vibanio vya nguo.

MASWALI

Swali (Mombasa): Shikamoo mwalimu. Nikikosa lino, kandambili kuukuu itafaa?

Marahaba. Kwa mhuri mdogo inafaa, tumia wembe. Kwa picha kubwa tafuta plaiwudi laini. Mistari ya mbao itaonekana kwenye weusi, nami huipenda.

Swali (Arusha): Kaka, weusi wangu unatoka na vitone vyeupe kama chumvi.

Wino haukutosha, au karatasi ni ngumu. Ongeza tabaka moja, sugua zaidi. Kwa baridi ya huko wino nao hukaza, uache kidogo karibu na jiko kabla ya kuanza.

Swali (Dar): Yangu ina siku nne bado inachafua vidole.

Vumilia. Mafuta hukauka kwa hewa, na unyevu wa pwani huchelewesha. Wiki nzima ni kawaida.

Swali (Tanga): Rangi mbili unafanyaje kwa lino moja?

Chapa rangi nyepesi kwanza, nakala zote unazotaka, pamoja na za akiba. Kisha chonga tena lino ileile, uchape rangi nzito juu yake. Piga alama za pembe mezani ili karatasi ikae palepale. Ukishachonga mara ya pili, huwezi kuongeza nakala.

Swali (Nairobi): Mteja ananiambia hii ni kopi, nipunguze bei. Nimjibu nini, kaka?

Mwonyeshe lino yenyewe, aipapase. Kila karatasi imepakwa wino na kusuguliwa kwa mkono wako, hakuna ya kwanza iliyonakiliwa. Hata George Lilanga, msanii wa Tanzania tunayemjua kwa vinyago na rangi zake kali, alitengeneza picha za kuchapa. Andika kwa penseli chini ya picha, 3/20, yaani ya tatu kati ya ishirini, na saini yako kulia. Zikifika ishirini, kata lino alama ya msalaba mbele yake akiwepo, isichapwe tena. Mteja wangu mmoja alipoona hivyo alinunua mbili.