Daktari wa mifugo ughaibuni: zamu za dharura, kliniki ya kawaida na njia ya kurudi Nairobi

Mara kwa mara napigiwa simu na kijana aliyehitimu Kabete, Makerere au Sokoine. Yuko Leeds, au Texas, au Calgary, na swali lake ni lile lile: "Daktari, niingie kliniki ya dharura au nianze na kliniki ya kawaida?" Mimi humuuliza kwanza kama ameshapata leseni ya huko aliko. Mara nyingi bado. Kwa hiyo tuanze na leseni, halafu nitalijibu swali lenyewe, na jibu langu halina kona: anza na kliniki ya kawaida, hata kama moyo wako unakimbilia usiku wa dharura.

Leseni

Shahada za vyuo vyetu hazikupi usajili wa moja kwa moja Uingereza, Marekani, Kanada wala Australia. Si kwamba elimu yako ni duni. Vyuo vyetu havimo katika orodha ya vile vilivyokaguliwa na vyombo vya huko, kwa hivyo utakaguliwa wewe mwenyewe.

Uingereza msajili ni RCVS, chombo kinachosimamia madaktari wa mifugo huko. Utafanya mtihani wao wa uanachama, ulio na sehemu ya kuandika na sehemu ya vitendo, na kabla ya hapo utathibitisha Kiingereza chako. Kwa IELTS ya Academic, mtihani wa Kiingereza wa kitaaluma, wanataka alama 7 kwa jumla. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi huudharau mtihani huu. Usiudharau. Nimewaona madaktari hodari wakirudia mara mbili kwa sababu ya insha tu.

Marekani kuna milango miwili. ECFVG, mpango wa AVMA (chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani) kwa waliosoma nje, inaanza na vyeti na Kiingereza, inafuata BCSE ambao ni mtihani wa maarifa, kisha CPE ambao ni wa vitendo. PAVE, inayosimamiwa na AAVSB (muungano wa bodi za leseni za majimbo), humpa mtu nafasi ya kufanya mwaka wa kliniki katika chuo kilichoidhinishwa. Uliza jimbo unalotaka kufanyia kazi linakubali njia ipi kabla hujalipa hata senti moja. Mlango wowote utakaopitia, NAVLE, mtihani wa leseni wenye maswali 360, inakungoja, na mwisho leseni ya jimbo. Kanada nao hutumia BCSE, NAVLE na CPE, na wameongeza tathmini ya awali ya upasuaji.

CPE ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Ni siku tatu na sehemu saba: dawa ya usingizi, upasuaji, tiba ya wanyama wadogo, farasi, mifugo ya chakula, eksrei, na uchunguzi wa mzoga. Mhitimu wa Kabete ana mtaji mkubwa kwenye ng'ombe na kwenye mzoga. Aliyesimama kwenye vichinjio vya Dagoretti alfajiri akipasua tezi moja baada ya nyingine haogopi meza ya mzoga ya mtu yeyote. Udhaifu wetu uko kwenye mashine ya gesi ya usingizi na kwenye kumlaza mnyama sawasawa kwa picha. Mimi nilipokaa mbele ya mashine ile ughaibuni mara ya kwanza, mikono hii iliyokuwa imetoa ndama katika zizi la Limuru saa nane za usiku ilitetemeka. Nilichofanya, na ndicho ninachokushauri, ni kuomba kazi ya usaidizi katika kliniki na kukaa miezi kadhaa upande wa kichwa cha mgonjwa: kuhesabu pumzi, kusikiliza moyo, kuandika shinikizo la damu kila dakika tano. Upasuaji utakaopimwa nao ni kumtoa mbwa jike kizazi. Ufanye chini ya jicho la mwenye leseni hadi mikono ikumbuke yenyewe.

Wakati huo wote usitibu. Hata mbwa wa jirani Mkenya mwenzako, hata kwa hisani. Uingereza sheria ya mwaka 1966 imewaachia tiba ya wanyama waliosajiliwa, na Marekani kila jimbo lina sheria yake. Dozi moja ya huruma inaweza kukuzibia njia uliyoihangaikia miaka mitatu.

Kwa nini kliniki ya kawaida kwanza

Kazi yenyewe ni chanjo, meno, masikio, ngozi inayowasha, kuhasi, kisukari, figo za paka wazee. Vijana huiona imepoa. Lakini daktari wa dharura humwona mnyama usiku mmoja tu, akiwa katika hali mbaya kuliko zote, kisha humrudisha kwa daktari wake wa kila siku. Hajui aliishia wapi. Hajui kama ile dawa aliyompa ilimtuliza au ilimharibu tumbo wiki nzima. Kliniki ya kawaida ndiyo inayokuonyesha mwendo mzima wa ugonjwa, na ndiyo inayokuzoesha mnyama mzima wa afya, mpaka siku ukigusa kitu kisicho sawa unakijua kabla ya kipimo.

Inakufundisha pia kuzungumza na mwenye mnyama ndani ya dakika kumi na tano. Kuna mzee mmoja aliyeniletea paka wake kwa kuwa "anakunywa maji mengi kuliko zamani, kidogo tu." Ningekuwa nimezoea damu na ving'ora tu, ningemwambia hana neno. Tulipima, ikawa figo, na paka yule akaishi miaka miwili mingine kwa chakula maalumu.

Jizoeze pia kutaja bei mapema, kwa sauti ya kawaida, kabla ya kugusa sindano. Uingereza wengi wana bima ya wanyama. Marekani wengi hulipa kutoka mfukoni. Miaka miwili ya kliniki ya namna hii si kupoteza wakati.

Ukishaingia dharura

Zamu ni za saa kumi na mbili, na kliniki nyingi hupanga wiki ya usiku kisha wiki ya mapumziko. Kazi ya kwanza ni kupanga wagonjwa: nani anakosa pumzi, nani mzunguko wa damu unaporomoka, nani fahamu zinampotea. Aliyefika wa kwanza anaweza kutibiwa wa mwisho, na wewe ndiye utakayemweleza mwenyewe sababu.

Magonjwa mengine utayafahamu. Mbwa mkubwa ambaye tumbo limejaa hewa na kujipinda ni yule yule, awe German Shepherd wa Runda au wa Ohio: toa hewa, jaza maji mshipani, mpeleke chumba cha upasuaji. Paka dume aliyeziba mkojo usimwache hadi asubuhi, maana potasiamu hupanda katika damu mpaka moyo usimame.

Kwenye sumu ndiko ujuzi wa nyumbani na wa ughaibuni unapoachana. Nairobi daktari anamjua kwa macho mbwa aliyetupiwa nyama yenye sumu na wezi: mate yanabubujika, misuli inacheza, mboni zimekuwa ncha ya sindano. Atropini, dawa ya sumu hiyo, tunaishika gizani. Tunajua pia jeraha la kifutu, na mkojo mwekundu wa mbwa aliyeumwa na kupe. Lakini nani alitufundisha kuhusu yungiyungi, ua ambalo Wazungu huliita lily? Paka akilamba hata chavua yake figo zinakufa, na huko maua hayo yamejaa mezani kila Pasaka. Dawa inayozuia maji ya injini kuganda wakati wa baridi ina utamu, mbwa huilamba, nayo pia huua figo. Chingamu yenye zailitoli, kiungo cha utamu kinachotumiwa badala ya sukari, huangusha sukari ya mbwa ndani ya saa moja au chini ya hapo. Andika orodha hii ukutani kwako kabla ya zamu ya kwanza. Na usitupe ile ya Nairobi, utaihitaji tena.

Ukitaka ubingwa, njia ya Marekani ni mwaka mmoja wa mafunzo kazini, miaka mitatu ya mafunzo ya ubingwa, halafu mitihani ya ACVECC, chuo cha mabingwa wa dharura na wagonjwa mahututi wa mifugo. Mshahara wa miaka hiyo ni mdogo na nafasi zinagombaniwa. Madaktari wengi wa dharura si mabingwa na wanaokoa wanyama kila usiku, kwa hiyo usijione umeshindwa ukiishia hapo.

Kuna jambo ambalo sitalipitia juu juu. Dharura ina vifo vingi, na vingine ni vya kukosa pesa: mnyama angepona, mwenyewe hana uwezo, nawe ndiye unayemlaza usingizi wa mwisho. Fanya hivyo mara tatu katika usiku mmoja, rudi kwenye chumba kisicho na mtu wa kukupikia chai, na simu ya nyumbani huwezi kupiga kwa kuwa mama atasikia sauti yako. Uingereza na Marekani madaktari wa mifugo wanajiua kwa kiwango cha juu kuliko watu wengine. Ukiwa Uingereza, Vetlife, shirika la kuwasaidia madaktari wa mifugo, wanapokea simu saa ishirini na nne. Piga ukiwa bado una nguvu za kupiga. Na ukiwa na mwenzako wa darasa katika mji huo huo, mtafute leo, mle ugali pamoja hata mara moja kwa mwezi.

Kurudi Nairobi

Usiiache leseni yako ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ife. Huhuishwa kila mwaka, na bodi inadai mafunzo endelevu, kwa hivyo weka vyeti vya semina zote za huko. Unapoondoka, omba msajili wa ughaibuni barua inayothibitisha huna kesi ya nidhamu. Ukifungua kliniki, jengo nalo lina usajili wake. Eksrei inahitaji leseni ya KNRA, mamlaka ya nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Mashine za Marekani ni za volti 120 na hezi 60, sisi tuko 240 na 50. Mwulize mtengenezaji kwa maandishi kabla ya kulipia kontena, na umwulize pia nani atakayeitengeneza ikiharibikia Kileleshwa.

Upungufu mkubwa wa Nairobi lakini si mashine. Kliniki zenye daktari aliye macho usiku kucha bado ni chache, na mbwa wa Rongai mwenye tumbo lililojipinda hana muda wa kuzunguka mji akitafuta taa inayowaka. Tena daktari wa hapa hachagui upande mmoja: ng'ombe wa Kikuyu aliyeanguka kwa homa ya maziwa naye anapiga simu usiku, na kalsiamu ile lazima iingie mshipani polepole huku unasikiliza moyo. Usiku mmoja unahitaji mtu wa zizini na mtu wa kliniki.

Sisi tulianza bila mkopo. Kliniki tatu za jirani tuliketi, tukakubaliana namba moja ya simu, kila kliniki ikabeba usiku mbili kwa wiki, na Jumapili ikawa ya mzunguko. Paraveti (wasaidizi wa daktari wa mifugo) wawili wa kila kliniki nilikaa nao miezi minne tukifanya kile kile nilichofanya ughaibuni upande wa kichwa cha mgonjwa: pumzi, moyo, ufizi, andika, rudia baada ya dakika tano.