Kichefuchefu baada ya tibakemia: anzeni na harufu
Mnaouguza mtu aliyemaliza tibakemia (dawa za kutibu saratani) na kichefuchefu bado kinamsumbua: mara nyingi kinachomchafua moyo ni harufu. Huku Mbeya baridi inatufanya tupikie ndani, na kitunguu kikishaanza kukaangwa, mgonjwa hali tena. Toeni jiko nje (moshi wa mkaa ndani ni hatari kwa wote, ila hilo mnalijua). Viazi vya kuchemsha vikipoa hupita kooni kwa urahisi kuliko wali wa moto. Mpeni kidogokidogo, hata vijiko vitatu, mara nyingi kwa siku. Dawa ya kichefuchefu anywe kama daktari alivyopanga, asisubiri mpaka atapike. Ondansetroni, mojawapo ya dawa hizo za kichefuchefu, inaweza kufunga choo, na choo kikifunga kichefuchefu huzidi, mwambieni daktari. Akishindwa kubakiza hata maji, hospitali siku hiyohiyo.