Geji ya tabo ikisoma ovyo, isome injini ikiwa imezimwa
Kabla ya kufungua tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) ya lori la dizeli, washa swichi bila kupiga stata, uangalie geji. Injini imelala, kwa hiyo geji inapima mgandamizo wa hewa ya nje tu. Geji ya kawaida, isiyohesabu hewa ya nje, ikae sifuri. Ile ya kwenye mashine ya kupimia, inayohesabu na hewa ya nje, kwa Dodoma isome karibu 0.9 ba (kipimo cha mgandamizo), maana mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari (fundi aliyezoea Dar atatafuta 1.0 na kuilaumu sensa bure). Ikipishana sana, anza na sensa, waya au geji yenyewe. Mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) uliopasuka hautaonekana hivi. Huo huvuja lori likipanda mlima Sekenke na mzigo.