Namna ya kutumia “according to” bila kujikwaa

Chukua ripoti yoyote ya fildi iliyoandikwa kwa Kiingereza na mwanafunzi wa chuo cha Mbeya au Iringa. Kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza utakutana na maneno mawili: according to. Yatafungua aya ya kwanza, yatafungua ya tatu, na mara nyingine yatawekwa hata pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Hata mtaani watu huyachomeka katikati ya Kiswahili: “according to mimi, hii mechi tunapigwa.” Yanaonekana mepesi, ndiyo maana hakuna anayejisumbua kuyafungua dikshenari.

Kazi yake kubwa ni kumtaja mwenye maneno. Ukiandika according to, unautua mzigo kichwani mwako na kumtwisha mwingine: haya si yangu, mwenyewe ni huyu hapa. Kwa Kiswahili tuna “kwa mujibu wa”. Mtangazaji akisema “kwa mujibu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mvua zitaanza wiki ijayo,” yeye hajaahidi mvua. Zisiponyesha, usimdai yeye.

Muundo wake ni huu: according to, kisha chanzo, kisha mkato, kisha sentensi kamili.

“According to the 2022 census, Mbeya Region had 2,343,754 people.”

Baada ya kuandika, weka kidole juu ya kila kitu kilicho kabla ya mkato, kisha soma kilichobaki: “Mbeya Region had 2,343,754 people.” Imesimama yenyewe, ina mtenda na kitenzi. Kipimo hiki cha kidole kinakamata makosa mengi kuliko kanuni kumi za kukariri. Kijaribu kwenye sentensi hii, ambayo walimu wa Kiingereza wanaisahihisha kila muhula:

“According to the headmaster said that the school has no water.”

Mkato haupo, lakini funika hadi “headmaster”. Kinachobaki ni “said that the school has no water”. Nani kasema? Haisimami. Kosa hili halikuzaliwa kwenye Kiingereza. Limetoka kwenye Kiswahili chetu cha haraka: “Kwa mujibu wa mkuu wa shule alisema kwamba shule haina maji.” Hata hiyo imepinda, ila sikio limeizoea. Ukishasema “kwa mujibu wa”, kazi ya “alisema” imekwisha. Chagua moja: “According to the headmaster, the school has no water,” au “The headmaster said that the school has no water.” Ukiweka zote mbili unamtambulisha mgeni yuleyule mara mbili mlangoni.

Wengine huacha “said” lakini wakabakiza “that”: “According to the report, that many farmers lost their crops.” Pitisha kidole na hapo. “That” haina kazi baada ya mkato, itoe.

Chanzo kinaweza kuhamia mwisho wa sentensi: “Iringa Region had 1,192,728 people, according to the 2022 census.” Waandishi wa habari wanapenda mpangilio huu kwa sababu habari inatangulia na mtoa habari anafuata. Kwenye ripoti, mtangulize yeyote kati ya hao wawili ambaye msomaji anamhitaji zaidi. Kukiweka chanzo katikati, kati ya mikato miwili, kunaruhusiwa, ila kukizidi sentensi inaanza kuchechemea.

Chanzo kikiwa kiwakilishi, tumia him, her, them. “According to he” haipo. Na “to” haiachwi: “according the report” ni sentensi iliyopoteza kiatu kimoja.

Mvua haisemi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na chanzo ni utajiri wa Kiswahili chenyewe. Tuna “kwa mujibu wa”, “kulingana na”, “kutokana na” na “kwa upande wa”. Kwenye mazungumzo ya kila siku zinaazimana nafasi, na mtu akihamia Kiingereza anazimwaga zote kwenye according to. Matokeo yake ni sentensi kama hii:

“According to the rain, the road to Kilolo was closed.”

Mwandishi alikuwa na “kutokana na mvua” kichwani. Kilichofika kwenye karatasi ni kwamba mvua imetoa taarifa: barabara imefungwa. “Kutokana na” ni because of au due to. “Because of the rain, the road to Kilolo was closed.” Angalia pia ndugu zake: “According to the increase of fertilizer prices, farmers planted less maize,” au “According to lack of money, he left school.” Zote ni because of.

Kabla hujaandika, jiulize swali moja: je, kitu hiki kinaweza kusema, kuandika au kuonyesha? Mtu anaweza. Ofisi inaweza. Kitabu, sheria, ramani na tangazo la ukutani vinaweza. Saa inaweza pia: “According to my watch, it is ten past four.” Mizani nayo inaweza: “According to the scale, this sack weighs 130 kilograms,” sentensi ambayo mkulima wa viazi wa Njombe ataielewa haraka kuliko yeyote, maana hiyo ni lumbesa na kikomo cha gunia ni kilo 100. Lakini mvua, njaa, ada na mfumuko wa bei havisemi kitu. Hivyo ni sababu, havina ushahidi wa kutoa.

“Kulingana na” ni jirani mgumu zaidi kwa sababu ina sura mbili. Ya kwanza ni chanzo, hiyo tumeshaiona. Ya pili ni kipimo: kitu kinabadilika au kinapangwa kwa kufuata kitu kingine. Na hapa according to inakubalika kabisa, ila haivai mkato. “Potatoes are graded according to size.” Viazi vinapangwa kwa ukubwa, ukubwa haujasema lolote, umetumika kama rula. “Tea pickers are paid according to the weight of leaf they bring in.” Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe analipwa kwa kufuata kilo alizoleta. “Prices vary according to the season.” Utaona ya namna hii inakaa baada ya vitenzi vya kupanga, kulipa, kutofautiana: grade, arrange, pay, vary, differ. Humo pia wamo “according to plan” na “according to the instructions”, yaani kitu kimefanyika kama kilivyopangwa au kilivyoelekezwa.

Tatizo linakuja ukiichukua hiyo ya kipimo ukaitanguliza na mkato: “According to the season, potatoes are expensive.” Sasa msimu umegeuka msemaji. Kama huna uhakika, andika depending on na utakuwa salama: “Depending on the season, potatoes may be cheap or expensive.”

“According to me”

Usiandike. Maneno haya yameumbwa kuuhamishia mzigo kwa mtu mwingine, na huwezi kujitua mzigo ukajitwisha mwenyewe. Kwa “kwa maoni yangu” Kiingereza kina in my opinion, au kwa lugha nyepesi I think. “According to my side” ni “kwa upande wangu” iliyovalishwa suti, nayo ifutwe. Kuna pia chotara anayependwa sana, “according to my opinion”, aliyeunganishwa kutoka vipande viwili vilivyokuwa vizima. Kwa mtu mwingine sheria ni hiyohiyo: “according to her” au “in her opinion”, usizichanganye.

Kwa data ulizokusanya mwenyewe, “according to my research” haisikiki vizuri. Msimamizi anataka kuona kazi imefanya nini: “The survey found that most traders buy directly from farmers.” Lakini uliowahoji ni watu wengine, kwa hiyo “According to the traders interviewed, ...” ni sahihi, na inakulinda pia kama wafanyabiashara walikupiga chenga.

Lini utaje, lini uache

Jambo ambalo kila mtu analijua halihitaji mdhamini. “According to geography, Mbeya is in Tanzania” inamchekesha msomaji bila wewe kukusudia. Kwamba Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, hiyo ni historia iliyotulia. Iandike moja kwa moja, na kama ni kazi ya chuo weka rejea yako kwenye mabano mwishoni. Ukifika kwenye idadi ya waliouawa, hapo vyanzo havilingani, na ndipo according to inapopata mshahara wake.

Taja chanzo pale ambapo namba imehesabiwa na mwingine, pale ambapo kuna mabishano, na pale ambapo kuna mtu anatuhumiwa. Hata vitu vinavyoonekana vya uhakika vina masharti. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Anayeandika “According to the textbook, water boils at 100 degrees” bila kuongeza “at sea level” amemsingizia mwandishi wa kitabu, na maharage yake yatachelewa kuiva vilevile.

Kuna upande mwingine ambao watu hawauoni. Kwa sababu maneno haya yanakutenga na taarifa, yanaweza kusikika kama huiamini. “According to the suspect, he was at home that night” ni uandishi mzuri wa habari za mahakamani. Lakini ukimwandikia mhasibu wa shule “According to my father, the fees have been paid,” umemwacha mzee wako nusu mtuhumiwa. Andika “My father has paid the fees,” kisha ambatisha risiti.

Kwenye APA, mtindo mmojawapo wa kuandika rejea vyuoni, mwaka unafuata jina hapohapo: “According to URT (2022), ...”. URT (United Republic of Tanzania) ndivyo vyuo vingi vya kwetu vinavyofupisha jina la serikali kama mwandishi. Ukishalitaja jina ndani ya sentensi, usilirudie kwenye mabano mwishoni. Ukinukuu neno kwa neno, weka alama za kunukuu na namba ya ukurasa. Na kama takwimu ya sensa umeiona kwenye gazeti, usijifanye umesoma ripoti ya sensa. Ama itafute ripoti yenyewe, ama sema wazi kwamba gazeti ndilo lililoinukuu.

“According to Google” nayo iache. Google ni stendi, mabasi ni ya watu. Ukiulizwa umekuja na basi gani hujibu “la stendi”. Ingia kwenye ukurasa, tafuta nani kaandika na lini, kisha mtaje huyo. “According to some researchers” bila jina hata moja ni sawa na “watu wanasema”.

Usifungue aya tano mfululizo kwa maneno haya. Zungusha vitenzi, ila ujue uzito wa kila kimoja: states ni ya kawaida, found ni ya matokeo ya utafiti, argues ni ya hoja inayotetewa, na claims inaonyesha kwamba unatilia shaka. Usimwandikie msimamizi wako “you claim”.

Kuhusu tahajia, c ni mbili na r inatangulia d. Kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza r hiyo haisikiki, ndiyo maana “accoding” imejaa kwenye madaftari. Na kwa wale ambao mlima Rungwe nyumbani unaitwa Lungwe, “accolding” nayo huponyoka. Ipitie tena kabla ya kukusanya.

Sasa tuchukue aya ya safari ya shule kwenda kwenye kimondo cha Mbozi, imeandikwa namna watu wengi wanavyoandika:

“According to me, on Saturday we visited Kimondo. According to the guide he said that the stone its weight is 16 tons. According to internet it is 25 tons. According to the rain, we did not take pictures.”

Ya kwanza haina chanzo wala haihitaji, mlikwenda, basi. Ya pili ina mwenye maneno, kwa hiyo yabaki, ila “he said that” itoke, na “its” nayo ni “uzito wake” ya Kiswahili iliyojificha. Ya tatu inastahili kubaki zaidi ya zote, maana uzito wa kimondo hiki ni makadirio na vyanzo vinataja tani 12, 16 na hata 25. Lakini “internet” iondoke, na nafasi yake ichukuliwe na jina la aliyeandika ukurasa huo. Ya nne ni mvua tena.

“On Saturday we visited the Mbozi meteorite. According to our guide, it weighs 16 tonnes. According to ..., it weighs 25. It was raining, so we took no pictures.”

Zile nukta tatu haziwezi kujazwa kwa kubahatisha. Rudi kwenye simu, fungua ule ukurasa, shuka hadi chini utafute jina.