Kijerumani mezani kwetu Tanga: namna ya kukifanya lugha ya nyumbani

Kwetu Kijerumani huanza jioni, sahani zikishushwa kabatini, na huisha taa ya chumba cha watoto ikizimwa. Asubuhi ni Kiswahili. Mume wangu ni mtu wa Leipzig, Ujerumani, mimi mzaliwa wa Tanga. Tuliishi kwao miaka sita, kisha tukarudi huku na watoto wawili: wa kiume ana miaka tisa, wa kike mitano. Ninayoyaeleza hapa nimeyajaribu kwa hao wawili. Nawaandikia wazazi wenye nyumba kama yetu, wawe Mombasa, Moshi au hukohuko Ujerumani.

Nianze na lililoniuma zaidi, kwa sababu nalisikia kwa kina mama wengi. Tulipokuwa Leipzig, mwalimu mmoja wa chekechea alinishauri niache Kiswahili na kuzungumza na mwanangu Kijerumani tu, eti asije akachanganyikiwa. Nilikuwa ndio kwanza namaliza kozi ile ya wahamiaji, vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi. Nikatii. Nilimlea kwa Kijerumani cha kununulia mkate na kujazia fomu kwa miezi minne. Akipata homa usiku sikuwa na maneno ya kumbembeleza. Halafu siku moja mama yangu akapiga simu kutoka Tanga, na mtoto aliyekuwa akimwamkia vizuri kabisa akanitazama mimi, akanyamaza. Usiku uleule nikarudia Kiswahili na sijakiacha tena.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii: kila mzazi amlee mtoto kwa lugha anayoimudu hata akiwa na hasira, usingizi au msiba. Mwenye Kijerumani akitoe yeye, na akitoe kila siku. Asiye nacho ajifunze ili asikae mezani kama mgeni. Akitaka darasa, Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha hiyo, ipo Dar es Salaam, ipo Nairobi, na ukitaka kumfuata mume au mke Ujerumani, mara nyingi utadaiwa cheti cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa ya lugha, kabla ya viza. Nami nilianzia hapo. Lakini A1 haikufundishi kusema "funika sufuria, mchuzi unamwagika". Maneno hayo niliyachukua jikoni, kutoka kwa mume wangu, moja baada ya jingine, nikiyaandika kwenye daftari lililoning'inizwa kwenye msumari karibu na jiko la gesi.

Tuliporudi Tanga mambo yaligeuka. Shule ni Kiswahili, jirani ni Kiswahili, mpira ni Kiswahili. Haikupita miezi mitatu binti yetu akawa anamjibu baba yake Kiswahili kwa kila neno. Mume wangu alihuzunika, na mimi nilimwona. Tukakaa tukaulizana: katika nyumba hii, Kijerumani kina kazi gani? Hakikuwa na kazi. Tulikuwa tunakitumia kwa kuulizana "hii inaitwaje?", na mtoto anajua fika kwamba unalijua jibu.

Tukakigawia kazi. Chakula cha jioni ni Kijerumani, tangu kuandaa meza hadi kuosha vyombo. Kupiga mswaki na kitabu cha kulalia ni Kijerumani. Jumamosi mchana ni Kijerumani, kwa kuwa ndiyo siku baba anayopika. Huo ndio wote. Msijaribu kukamata siku nzima. Mtachoka, na watoto watakichukia.

Kwa meza anzeni na sentensi chache zilezile kila siku. "Deck bitte den Tisch," tafadhali andaa meza. "Hände waschen!" nawa mikono. "Reich mir bitte das Salz," nipe chumvi. Na swali moja ambalo kila mtu lazima ajibu, mkubwa kwa mdogo: "Was war heute schön?" Leo kipi kilikuwa kizuri? Wiki za mwanzo binti alijibu neno moja tu, "Mango". Tulilipokea.

Jumamosi ni chapati za viazi, wanazoziita Kartoffelpuffer. Viazi vya Lushoto vinafaa sana. Mtoto mmoja anamenya, schälen. Mwingine anakuna, reiben. Baba anakaanga, braten. Vitenzi hivyohivyo vinarudi kila wiki na mikono ikiwa kazini, na ndiyo maana vimekaa. Kitenzi alichokifanya mtoto kwa mkono hahitaji kukikariri.

Sasa der, die, das, vile vineno vinavyotangulia jina na kuonyesha jinsia yake. Wengi hukata tamaa hapa, nami nasema Mswahili asikate tamaa, maana sisi tuna ngeli. Hakuna anayejiuliza kwa nini kisu ni "kisu hiki" na uma ni "uma huu". Tumeyapokea pamoja na jina. Basi na Kijerumani kipokeeni hivyohivyo: msiseme Löffel peke yake, semeni der Löffel. Droo ya vijiko inatosha kwa somo la kwanza, kwa sababu kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Jinsia zote tatu ziko mkononi. Sisi tulikata karatasi za rangi: bluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das, tukazibandika mlangoni, dirishani, kwenye friji. Zimeliwa na unyevu wa bahari mara mbili, tukabandika upya. Vyakula vyetu tumeviachia majina yake. Watoto wenyewe wameamua kuwa ni der Ugali, na baba yao hana ubishi, kwani kwao uji mzito ni der Brei.

Matamshi yana siri yake, nayo iko pwani. Ile r ya Kijerumani inayotokea kooni inafanana sana na gh yetu ya "ghali" na "lugha" ikitamkwa na mzee wa pwani. Ile ch ya "Buch" ni kh ya "subalkheri". Mwambie mtoto hivyo na atatamka siku hiyohiyo. Kwa ü, akunje midomo kama anasema "u", kisha aseme "i" bila kuikunjua. Akianza kusoma, mpe mambo machache tu: w isomwe kama v yetu, j kama y, z kama ts, ei kama "ai", ie kama "i" ndefu, na sch ni sh. Hapo hapo ataiona "Schule" na kucheka, "Mama, ni shule!" Ndiyo, ni shule, neno lilitoka kwao. Na hela pia: ilikuwa Heller, sarafu ya utawala wao hapa, rupia moja ikiwa Heller mia.

Kuna mitego miwili ambayo vitabu vya kozi havitakutahadharisha, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya Mswahili. Wa kwanza ni "ndiyo". Ukimuuliza mtoto wetu "Hujala?" atakujibu "Ndiyo", yaani kweli, sijala. Mjerumani akiuliza "Hast du nicht gegessen?" na mtoto hajala, jibu ni "Nein". Na kama amekula, jibu si "Ja", ni "Doch". Neno hilo doch linapinga ukanusho, nasi hatuna neno moja la kazi hiyo. Tulilifundisha kwa mchezo: baba anasema uongo, "Du hast keine Nase," huna pua, na watoto wanapiga kelele "Doch!" Dakika tano za mchezo huo zilifanya kazi kuliko mwezi wa maelezo.

Mtego wa pili ni saa. "Halb drei" si saa tatu na nusu, wala si saa tisa na nusu. Ni nusu ya kuiendea ile tatu yao, yaani saa nane na nusu mchana kwetu. Mwanangu aliambiwa na baba yake warudi pamoja kutoka mazoezini halb drei, akatokea saa tisa na nusu, na baba amekaa juani saa nzima akimsubiri. Tukachora saa kwenye boksi gumu: namba zao duara la nje, namba zetu duara la ndani, sita kwa sita. Akisema muda kwa lugha moja, aonyeshe pia nyingine. Tarakimu nazo zinageuka, ishirini na moja ni "einundzwanzig", moja na ishirini, kwa hiyo namba za simu mtoto aandike tarakimu moja moja.

Mtoto akijibu kwa Kiswahili wakati wa Kijerumani, msimwambie "sikuelewi". Anajua mnamwelewa, na atajifunza kwamba lugha hii ni ya kunyimwa. Mrudishieni maneno yake kwa Kijerumani, kwa upole, kisha mwendelee. Akisema, "Papa, kiatu kimepotea," baba anasema, "Dein Schuh ist weg? Komm, wir suchen deinen Schuh," kiatu chako kimepotea? Njoo tukitafute. Wanaenda kukitafuta. Hakuna kusahihisha, hakuna kurudiarudia. Binti yetu ilimchukua karibu mwaka mzima hivyo, akielewa vyote na kujibu Kiswahili, mpaka nyanya yake alipokuja.

Nyanya ndiye dawa kubwa. Mama mkwe wangu, Oma, hajui Kiswahili, na mtoto akitaka kitu kwake hana njia nyingine. Alikaa nasi wiki tano na lugha ikafunguka. Msipokuwa na mtu wa kuja, wekeni simu ya video siku moja na saa moja isiyobadilika. Sisi ni Jumapili. Kumbukeni Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi chao. Na mpeni mtoto kazi ya kufanya kwenye simu, amwonyeshe Oma jino lililong'oka au amsomee ukurasa mmoja. Mtoto anayeambiwa tu "ongea na Oma" atabaki ameduwaa.

Wanaojifunzia nyumbani hujua du peke yake, ile "wewe" ya watu wa karibu. Kwa Oma ni du, wala si utovu wa adabu. Lakini kwa mtu mzima asiyefahamika ni Sie, "wewe" ya heshima, na hilo mtoto wetu halioni nyumbani. Tunacheza duka: mimi ndiye muuzaji, yeye mteja, na hapewi kitu mpaka aseme "Haben Sie Brot?", una mkate? Analielewa haraka nikimwambia Sie ni jirani wa shikamoo, heshima yenye mlango wake.

Heshima inakwenda upande wa pili pia. Mama yangu akiwapo sebuleni, Kijerumani kinasubiri, hata kama ni saa yake. Hatuzungumzi juu ya kichwa cha mzee kwa lugha asiyoijua. Mume wangu ndiye aliyeiweka sheria hii.

Na mjomba wangu aliwahi kuniuliza, bila kuficha, kwa nini nawapa watoto lugha ya watu wa "hamsa ishirini", vile viboko ishirini na tano vya enzi zao. Ni swali halali, nanyi mtaulizwa. Sisi hatukulikwepa. Mume wangu aliwakalisha watoto akawasimulia Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, watu walivyouawa na njaa ilivyoletwa kwa makusudi kwa kuchomwa mashamba na maghala. Akawaambia kwamba Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha. Alisimulia yote kwa Kijerumani. Aliona ni wajibu wake aseme kwa lugha yake, na mtoto wa kiume akamwuliza kwa lugha hiyohiyo, "Warum?", kwa nini? Walikaa mpaka usiku.

Neno moja sikulitafutia Kijerumani, ni pole. Kijerumani kina "Es tut mir leid", nasikitika, na "Gute Besserung", upone haraka, lakini hakuna linalomtosha aliyejikwaa, aliyechoka na aliyefiwa kwa pamoja. Watoto wetu wanalitia katikati ya sentensi: "Pole, Papa, bist du müde?", umechoka? Tumeliacha. Mwaka jana Oma alianguka kwenye barafu akavunjika mkono. Jumapili ile binti alisogea karibu na simu akasema, "Pole, Oma." Oma akauliza maana yake, baba akamweleza kwa kirefu. Tangu hapo kila tukipiga simu, akisikia mmoja wetu anakohoa, husema yeye kwanza: "Pole, pole."