Ampu ya valvu ya zamani ikigoma: pima kwanza ndo ubadilishe

Ampu ya gitaa ya miaka ya 1960 ikikata sauti au ikianza kuvuma, wengi wetu tunakimbilia kununua seti nzima ya valvu mpya (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), tunachomeka, tatizo liko palepale na hela imeshaenda. Valvu ni rahisi kuzilaumu kwa sababu zinatoka kwa mkono. Ila kwenye ampu iliyokaa miaka hamsini sitini, mara nyingi shida iko kwenye kapasita na rezista zilizo chini yake, na hizo ukiziangalia tu hazikwambii kitu, lazima uzipime.

Kabla hujafungua naomba usiruke hapa. Ndani ya hizi ampu kuna DC ya volti 300 mpaka 500, ile ndogo yenye valvu moja ya nguvu aina ya 6V6 inakaa kwenye 340 hivi na zile kubwa zinapita 450, na kapasita kubwa za kuchuja umeme zinaweza kubaki na huo moto hata ukishachomoa plagi ukutani. Huo unaua, sio kukushtua tu. Kwa hiyo chomoa plagi kabisa, chukua rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5 au zaidi yenye waya uliofunikwa vizuri, bana upande mmoja kwenye chasi, upande mwingine gusisha kwenye chanya ya kapasita, shikilia sekunde kumi na tano, afu pima kwa mita. Isome chini ya volti 10. Na usipime moja ukaridhika, pima kila kapasita, maana swichi ya stendibai (ile ya kusubirisha ampu) ikiwa imezimwa inaweza kutenga ile ya kwanza na zingine, wewe unamaliza moto upande mmoja kumbe mwingine bado umejaa. Kapasita zina tabia pia ya kurudisha volti kidogo zenyewe zikiachwa, so acha ule waya umebanwa wakati unafanya kazi, na utoe kabla ya kuwasha. Ukipima ampu ikiwa imewashwa tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni, vua pete na saa, vaa viatu vyenye soli ya mpira. Hata mita yenyewe na nyaya zake ziwe za kuhimili angalau volti 600.

Kitu kingine cha lazima: spika iwe imeunganishwa muda wote ampu ikiwa inafanya kazi. Ampu ya valvu ikipigwa bila spika, transfoma ya spika inaweza kuzalisha volti kubwa sana na kujiunguza yenyewe, na ile ya asili ikishaungua kupata inayofanana nayo ni shughuli.

Sasa angalia waya wa umeme. Ampu nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka na waya wa pini mbili, hakuna eathi, na kuna kapasita ndogo imetoka kwenye laini ya umeme inaenda kwenye chasi. Hiyo kapasita ikipiga shoti, chasi nzima inakuwa na moto, na chasi imeungana na nyuzi za gitaa, na nyuzi za gitaa ziko mkononi mwako huku mdomo uko kwenye maikrofoni. Itoe. Weka waya wa pini tatu, eathi ifungwe kwenye chasi kwa bolti yake peke yake, laini ipite kwenye fyuzi kwanza afu swichi. Kuna watu wanasema ukigusa hapo umeharibu uasili wa ampu, mi sikubaliani nao kabisa. Na angalia ampu imetengenezwa kwa volti ngapi, ya 117 ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, umeimaliza.

Kabla ya kuwasha ampu usiyoijua tengeneza kitu kimoja rahisi ambacho kimeniokolea transfoma nyingi: soketi ya balbu iliyounganishwa kwa mfululizo na laini ya umeme inayoenda kwenye ampu. Balbu iwe ya ule uzi wa zamani, LED haifai, wati 60 kwa ampu ndogo na 100 kwa kubwa. Washa. Balbu ikiwaka kidogo afu ikafifia, hiyo ni kapasita zinajaa tu, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Hapo toa valvu zote ujaribu tena. Ikififia, shoti iko kwenye valvu au kwenye umeme mkubwa (ile DC ya volti mia kadhaa), so rudisha rektifaya, yaani valvu inayogeuza AC kuwa DC (GZ34, 5Y3 au 5U4), kwanza peke yake. Balbu ikirudi kuwaka sana, ni hiyo rektifaya au kapasita za kuchuja. Isiporudi, weka valvu za nguvu (zile zinazosukuma spika) moja moja mpaka umpate mhusika. Ikiwaka kwa nguvu hata bila valvu yoyote, shuku transfoma ya umeme, au diodi kama ampu yako haitumii valvu ya rektifaya, na kumbuka hizo za diodi zinatoa umeme mkubwa hata kama hakuna valvu hata moja ndani, usije ukazizoea.

Fyuzi nayo inaongea, sikiliza tu inakatika saa ngapi. Ikikatika ukiwasha tu, ni transfoma, diodi au nyaya za hita (waya wa ndani unaoipasha valvu joto). Ikivumilia mpaka unapotoa stendibai, tatizo liko kwenye umeme mkubwa: valvu ya nguvu, kapasita ya kuchuja, transfoma ya spika. Ikikaa dakika tano kumi ndo ikatike, karibu kila mara ni valvu za nguvu zinavuta mkondo kupita kiasi, zima taa za chumba uzitazame, bati la ndani linaanza kuwa jekundu, kwanza doa dogo pembeni afu linatanuka. Ukiona hivyo zima hapohapo, usingoje uhakikishe. Na usiweke fyuzi kubwa zaidi eti ili isikatike, ile ndogo inakatika ili transfoma isiungue.

Kuhusu kuvuma. Hapa gitaa lenyewe linakusaidia. Nchi zenye umeme wa hezi 50, mvumo wa kapasita za kuchuja unakuwa hezi 100, na mvumo wa hita au eathi mbovu unakuwa hezi 50. Sasa uzi mnene wa E ukibonyeza freti ya tatu unapata G ya hezi 98, karibu sawa kabisa na 100. Piga hiyo noti, sikiliza. Mvumo ukifanana nayo nenda kwenye kapasita za kuchuja, ukiwa chini yake oktavu nzima nenda kwenye hita, nyaya zake, na eathi. Kwa umeme wa hezi 60 noti yako ni B, uzi wa A freti ya pili. Afu zungusha volyumu, mvumo ukipanda na kushuka nayo unaanzia kabla ya volyumu kwenye njia ya sauti, usipobadilika unaanzia baada yake.

Ukishashuku kapasita ya kuchuja, zima, maliza moto, bana nyingine nzima ya thamani ileile na volti zisizopungua sambamba na ile ya zamani, chanya kwa chanya, washa. Mvumo ukipungua umeshajua. Hilo ni jaribio tu, usiache imening'inia, itoe ile mbovu uweke mpya. Kama zote ni za tangu kiwandani badilisha zote kwa mpigo, hizo huwa zinakauka ndani hata kama ampu ilikaa stoo bila kutumika.

Kapasita za kupitisha sauti ndo zinanifanya niandike yote haya. Nilikuwa na ampu ndogo ya 6V6 moja, inapiga vizuri dakika kumi, afu sauti inaanza kuwa nzito na kukwaruza kama imefunikwa blanketi. Nikabadilisha valvu mara mbili, hakuna kitu. Mwisho nikakaa na mita, pini ya 5, ambayo ndo gridi (mlango wa kuingilia sauti kwenye valvu) na inatakiwa isome sifuri. Ikawa inasoma volti 0.2. Nikaiacha ipate joto huku naangalia namba: moja, mbili na nusu, mpaka 5, na kathodi (upande mkondo unakoanzia ndani ya valvu) kwenye pini ya 8 ikapanda kutoka 19 mpaka 24. Gridi inasukumwa juu, valvu inavuta mkondo kuliko inavyoweza. Nikazima, nikatoa valvu, nikawasha tena, bado 5. Hapo valvu ikawa imesafishwa jina, volti zinatoka kwenye kapasita inayoileta sauti kutoka valvu inayoitangulia, inavujisha DC. Kapasita moja ya mikrofaradi 0.022 ya volti 630, dakika kumi za kulehemu, ikatulia.

Hilo jaribio la kutoa valvu na kupima gridi lifanye kwenye kila ampu ya zamani. Kwenye ampu zenye bayasi ya hasi (volti ya hasi inayopewa gridi ili kuzuia mkondo wa valvu), pini ya 5 ya 6L6, 6V6 na EL34 (kwa EL84 ni pini ya 2) inatakiwa isome hasi, mfano -35 au -50 kutegemea ampu, na valvu mbili za pande mbili zisome karibu sawa. Moja ikiwa -50 na nyingine -38, kapasita ya upande wa -38 inavuja. Zote zikiwa karibu na sifuri umeme wa bayasi umekufa, usirudishe valvu kabla hujabadilisha kapasita yake na kuangalia diodi. Na potensiometa (kile kitu cha kuzungusha, kama cha volyumu) inayokwaruza hata baada ya kupuliziwa dawa, ipime DC, mara nyingi ni uvujaji huohuo umefika pale.

Ikiwa haitoi sauti kabisa, anza na vya rahisi: spika ya ohm 8 ikipimwa kwa mita inasoma 6 au 7 hivi, jeki za kuingizia gitaa zinashika kutu, soketi za valvu zinalegea. Afu pima valvu ndogo, 12AX7 ambayo Ulaya ni ECC83. Pleti (lile bati la ndani linalopokea mkondo) ni pini 1 na 6, mara nyingi volti 150 mpaka 250, kathodi ni 3 na 8, volti 1 mpaka 2. Pleti ikiwa na volti zote za kapasita inayoilisha na kathodi sifuri, valvu haipitishi, ni yenyewe au hita haiwaki. Pleti ikiwa sifuri, rezista yake ya kilo-ohm 100 imekatika. Hizo rezista za kaboni za zamani ndo pia zinaleta zile kelele za kutatarika kama mafuta ya moto, zigonge taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, ukigonga moja ikalia zaidi ya zingine umempata.

Ukimaliza weka bayasi sawa kwa hesabu. Kikomo cha 6L6GC ni wati 30, kwa ampu za bayasi ya hasi usivuke asilimia 70 yaani wati 21, gawa kwa volti za pleti, kwenye 450 unapata miliampea 46 hivi. EL34 ni wati 25, kwa volti hizohizo ni kama 38. Rezista ya ohm 1 kati ya kathodi na chasi inakurahisishia, milivolti moja ni miliampea moja. Afu iache iwake saa nzima na spika yake, upime tena, kwa sababu uvujaji mwingine unajitokeza ampu ikishapata joto tu. Volti zote ulizosoma ziandike kwenye karatasi na tarehe, uibandike ndani ya kabati mbali na joto la valvu, fundi atakayefungua baada yako ataanzia hapo.